Clifford Entwistle, Wakili wa Zamu

Ndugu waombolezaji, mimi ni Edna, dada yake marehemu, nimepewa kazi ya kusoma kwa sababu mjane wetu Glenys hawezi leo, na kwa sababu ningesoma hata nisingepewa.

Clifford Entwistle alizaliwa tarehe 9 Machi 1954 hapa hapa Colne, kitinda mimba wa mzee Harold, fundi wa mitambo ya kufumia, na mama Alice, akiwa na kichwa kikubwa hata mkunga akampa mama pole badala ya hongera. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano nikaingia kiwandani, yeye akasoma mpaka Chuo Kikuu cha Sheffield, akahitimu sheria mwaka 1975, akapata kazi katika ofisi ya mawakili ya Bwana Duckworth, ambaye namwona pale nyuma amevaa tai ya harusini.

Mwaka 1986, sheria mpya ilipompa kila aliyekamatwa haki ya kuonana na wakili bure kituoni, kwa gharama ya serikali, Clifford alijiandikisha kwenye zamu ya mawakili wa kuitwa vituoni, akadumu nayo miaka thelathini na sita. Alifunga ndoa na Glenys tarehe 16 Juni 1984, msichana kutoka Wales ambaye mama alisema hatadumu na mvua yetu, kana kwamba kwao kuna jua, wakajaliwa Rhian na Huw.

Sasa niwasimulie siku moja, kwa idhini ya mwenyewe, Noreen Haworth, yule mwenye kofia ya zambarau, kwa maana Clifford hakunitajia mteja hata mmoja, na nilimjaribu kwa keki, nikamjaribu kwa mvinyo.

Tarehe 16 Juni 2009, Noreen, mpishi wa shule, alikamatwa asubuhi kwa kumvuta mtoto mkono jana yake hadi ukavilia damu. Askari mpelelezi akamwambia, "Kubali kosa, mama, tukupe onyo tu, saa ya chai uko kwako." Hakumwambia kwamba onyo lile lingeandikwa kwenye rekodi yake, na kwamba mpishi mwenye rekodi ya kuumiza mtoto hapiki tena shuleni maisha yake yote. Noreen aliulizwa kama anataka wakili, akajibu kama tunavyojibu sote huku, "Wakili wa nini, mimi mwizi?" Sajenti wa mahabusu, mtu mwema, akamwinamia, "Ni bure, mama." Noreen akasema, "Bure? Mbona hukuanza na hilo? Mlete!"

Clifford alikuwa hotelini kwa chakula cha mchana, mimi nikiwa mezani, tunasherehekea miaka ishirini na mitano ya ndoa yake, supu imeletwa, simu ikalia. Glenys akamwambia, "Ukitoka, Cliff, nakula na yako." Akatoka, na Glenys akala kweli.

Alimkuta Noreen kalamu mkononi, tayari kulitia sahihi lile onyo, akamwomba aiweke chini, akamuuliza jambo ambalo hakuna aliyekuwa amemuuliza, "Mkono wako mwingine ulikuwa umeshika nini?" Noreen akasema, "Sufuria la maziwa ya kastadi linalochemka, na yule mtoto kaja mbio chini ya kiwiko changu." Basi Clifford akakataa onyo, akadai mtoto na wapishi wenzake Noreen waulizwe, akaketi naye alasiri nzima mpelelezi akinuna, hadi mtoto mwenyewe aliposema kwamba alivutwa asiungue. Jioni Noreen alitoka mlango wa mbele, bila doa.

Malipo ya serikali yalikuwa ni yale yale, ukikaa nusu saa au ukikaa hadi giza. Bwana Duckworth akamwambia, "Clifford, muuza chipsi leo kakupita kwa mapato, zamu hizi zitatufilisi." Akamjibu, "Na yule mama, kwa kukaa mle siku nzima, kalipwa nini?" Duckworth akaenda kujinunulia chipsi. Noreen alipika tena miaka kumi na miwili, na vijana wengi mliomo humu mmekua kwa kastadi yake, yenye madonge, lakini mmekua.

Novemba 2022 mapafu ya Clifford yalianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, akafariki nyumbani Jumapili tarehe 4 Februari 2024, Glenys na watoto wakiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari, wauguzi, majirani mlioleta chakula, mawakili wenzake, na polisi mliokuja bila sare.

Lakini kanisa limejaa hadi nje, na mimi ninayejua hata rangi ya mapazia yenu, nusu yenu siwajui. Clifford aliwajua, kila mmoja, katika siku yake mbaya kuliko zote, na hakusema. Naangalia nyuso hizi zote, basi mkipita kunipa mkono, msinieleze mlimjuaje, na mimi, Mungu anisaidie, sitauliza.

Zamu yako imekwisha, mdogo wangu. Pumzika kwa amani.