Bibi Nesta, Aliyewangoja Wagonjwa wa Etha

Tarehe 31 Desemba 1956 Bibi Nesta Mwampashi anastaafu, baada ya miaka ishirini na saba ya kuwalinda wagonjwa wanaopasuliwa hapa hospitali ya Itumba na kurudi kwao siku hiyo hiyo. Katika kitabu cha watumishi ameandikwa mfagiaji. Nimeandika mengi ya kijinga katika kazi yangu ya ukarani, lakini hilo limezidi.

Ni kweli alianza na ufagio. Lakini macho hayana pazia; alitazama akajifunza. Aliyechomwa ganzi kidoleni alimpa uji akamuaga. Wa sindano ya ganzi ya mgongoni hakumruhusu kushuka kitandani mpaka achezeshe vidole vya miguu na kupata haja ndogo. Wa etha, dawa ya usingizi ya kuvuta puani, ndio waliomtia wasiwasi, maana hao hutaja majina yao, husimama, hata hutabasamu, kumbe akili bado haijarudi.

Mwaka 1951 Tupokigwe wa Mbebe alipasuliwa jipu la ziwa kwa etha. Daktari alimwuliza jina, akajibu, akaruhusiwa. Mumewe alikuwa migodini, kwa hiyo wifi yake alikuja kumchukua, na baba mkwe akasubiri mbali uani. Tupokigwe akamfuata mzee, akamkazia macho na kumwita kwa jina lake. Huku kwetu mwanamke mwenye akili zake humkwepa baba mkwe hata akiwa na mtungi kichwani. Mzee wa watu akajifunika uso kwa kofia. Sisi tulicheka. Bibi Nesta hakucheka; alimrudisha kitandani na kumlaza ubavu, huku daktari akimfokea kwamba mgonjwa amekwisha ruhusiwa. Punde Tupokigwe akatapika na kuzimia. Angekuwa njiani mlimani, tungezika.

Shukrani aliyopewa Bibi Nesta ikawa barua ya onyo kwa ukaidi. Niliipiga chapa mimi, Zebedayo, na nikanyamaza. Aibu hiyo ni yangu.

Sasa, kwa kuwa anayeondoka ni mfagiaji, ameajiriwa mfagiaji mwingine. Basi. Jumatano wapo wagonjwa wanne wa etha, na hakuna aliyepangwa kukaa nao. Nimeuliza mara tatu, nimeambiwa nishughulike na mafaili.

Asante, mama. Nenda kwa amani, kahawa yako izae, na wajukuu wakutunze. Jumatano ofisi ya karani itafungwa. Anayetaka kuniandikia barua ya onyo ataipiga chapa mwenyewe. Mimi nitakuwa wodini na wale wanne, mpaka wa mwisho azinduke.