Hifadhidata Inayojijenga Yenyewe

Kivuko kilipoondoka Kamanga, Dorcas, mkata minofu aliye bila kazi tangu Wazungu wakatae sangara wetu na kiwanda cha samaki kifungwe, aliwasikia abiria wawili waliokaa karibu naye wakibishana. Mmoja, binti aitwaye Fadhila, alikuwa amepakata kompyuta. Mwenzake, Mzee Yeremia, alikuwa fundi wa kompyuta kiwandani humo.

"Wanunuzi wa Ulaya wanabadilisha kila mara fomu za kuonyesha samaki ametoka wapi," Fadhila alisema. "Mimi naeleza fomu kwa lugha ya XML: samaki, mwalo aliposhushwa, tarehe. Programu yangu inasoma maelezo hayo, inajenga hifadhidata yenyewe."

"Ile ya kiwandani niliijenga kwa mikono yangu. Sasa mimi nitakula wapi?"

"Njoo tuyaandike maelezo pamoja, mzee. Mialo unaijua wewe."

"Niifundishe mashine kuninyang'anya kazi?"

"Bila fomu hizo kiwanda hakifunguliwi. Kisipofunguliwa, kazi hiyo unayo?"

XML Dorcas hakuielewa, ila swali hilo lilimwingia sawasawa.

Kivuko kiligonga gati la Mwanza. Fadhila alifunga kompyuta, akashuka bila kugeuka nyuma, akielekea kiwandani. Mzee Yeremia alibaki ameshika reli, abiria wakimpita. Dorcas, nyuma yake, alitamani kumsukuma amfuate binti huyo.