Mama Elda Cikuru, Mwalimu wa Pumzi (1949–2002)

Mama Elda Cikuru alizaliwa Uvira tarehe 14 Machi 1949, binti wa kwanza wa Mzee Cikuru, fundi viatu. Alisoma kwa masista hadi darasa la sita. Mwaka 1964 vita vya kule vikamleta hapa Rumonge, ng'ambo ya ziwa, pamoja na mama yake.

Hapa alilea watoto wa familia moja ya Wabelgiji, na mwaka 1971 akafuatana nao hadi Liège. Kila Jumamosi alisafisha ukumbi ambamo mzee mmoja wa India, Raghavan, alifundisha yoga juu ya mablanketi. Siku moja mzee alimwondolea ufagio mkononi, akamwonyesha mahali pa kukaa. Kwa miezi mitatu alimfundisha kuvuta pumzi na kuitoa, basi. Mzee alipofariki, ukumbi uligeuka: vioo ukuta mzima, muziki, nguo za kubana. Mwenye ukumbi mpya alifuta somo la pumzi, maana watu walitaka kutoa jasho. Elda hakuwacheka.

"Ziwa ni moja," alikuwa akisema, "kila mutu anachota na chombo chake."

Alirudi Rumonge mwaka 1984. Baba Jean-Pierre Mushagalusa, seremala, alimwona mara ya kwanza nyuma ya nyumba, kichwa chini, miguu juu. Akaacha randa, akakimbia na ndoo ya maji.

"Dada, umeanguka?"

"Hapana, kaka. Niko napumzika."

Walifunga ndoa tarehe 6 Julai 1985, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza Schékinah.

Mwaka 1997 risasi zilifika mtaani. Familia ilikimbilia Kabonga, ikapanda mtumbwi wa mashine kwenda Kigoma. Asubuhi, katikati ya maji, mashine ilizimika. Mawimbi yaliingia, watu wakasimama, mtumbwi ukalala upande. Mama Elda hakupiga kelele. Aliketi juu ya mbao zilizolowa, akaanza kuhesabu.

"Mukae. Vuta… moja, mbili, tatu, ine. Sasa acha iende."

Jirani yake alimfuata, kisha jirani wa jirani, hadi watu thelathini na mmoja wakapumua kama kifua kimoja. Mtumbwi ukatulia, fundi akapata nafasi ya kuinamia mashine, ikawaka. Wote walifika. Walioshuhudia bado wanalisimulia tukio hilo kwa sauti ya chini.

Aliporudi mwaka 1999, aliwakusanya wakimbizi wa ndani uani mwa kanisa, wamama waliokuwa hawapati usingizi. Mchungaji Modeste alikuja na wasiwasi.

"Mama Schékinah, hii si dini ingine?"

"Muchungaji, pumzi Mungu aliyomupulizia Adamu ni ya dini gani?"

Mchungaji alivua viatu, akaketi.

Mwaka huu ugonjwa wa sukari ulimshika figo. Akiwa kitandani, ilifika barua ya yule mwenye ukumbi wa Liège: watu wamechoka na vioo, wanatafuta kile alichofundisha mzee, na hakuna anayekikumbuka isipokuwa Elda. Mama alisema, Schékinah akaandika kwa Kifaransa, kurasa nne. Barua ilitumwa Jumanne. Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2002, saa nne asubuhi, Mama alitutoka, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Baba.

Ameacha mume, Jean-Pierre. Watoto, Schékinah, Heri na Espoir. Na mdogo wake Mariyamu, aliyevuka ziwa kuja kumzika.

Bwana ampokee, apumzike kwa amani isiyojua bunduki.