Alimtua Mwanawe Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, niwieni radhi. Leo sauti yangu haina ule uchangamfu mliouzoea. Nilikuwa nimewaandalia kipindi kingine kabisa, nacho nimekiweka kando. Habari iliyotufikia kutoka Garsen imetukata maini.

Shee Tuneya amefariki dunia. Narudia kwa waliochelewa kufungulia redio: Shee Tuneya wa Garsen, baba wa watoto wanne, mwalimu wa vijana wa mpira wa kikapu, amefariki dunia. Hakuugua. Hakulazwa. Asubuhi alikuwa shambani akipalilia migomba yake kando ya Mto Tana. Alasiri alikuwa uwanjani akicheka. Kabla jua halijatua, alikuwa amefunikwa shuka.

Ulimi wangu bado unakataa kuliweka neno "marehemu" mbele ya jina lake.

Mkasa wenyewe tumeupata kwa mwanawe wa kwanza, Komora, kijana wa miaka kumi na saba. Hakuna aliyekuwa karibu na Shee kuliko Komora dakika ile. Karibu kiasi gani? Alikuwa juu ya mabega yake.

Lakini tuanze mwanzo, wasikilizaji wapendwa, ili mwisho ueleweke.

Shee alikwenda kwenye Vita vya Pili vya Dunia akiwa kijana, akapelekwa hadi Bara Hindi. Vita vilipokwisha, wenzake walirudi na makoti mazito na hadithi za kutisha. Yeye alirudi na mpira wa ngozi, na mchezo aliojifunza kambini ambao Garsen nzima haikuujua. Alichimbia magogo mawili ya mti wa mkoma kwenye uwanda ulio kati ya mashamba na njia ya ng'ombe. Kisha akamwomba mkewe, Kadii, amsukie vikapu viwili vya miaa, vya nguvu.

Kadii alisuka. Alipomaliza, akamwona mumewe anakuja na kisu.

"Wataka kufanya nini, Baba Komora?"

"Nakitoboa kitako, mpira upate kupita."

"Kikapu kisicho na kitako utabebea nini, upepo? Vidole vyangu bado vinawaka moto. Kikapu changu hakitobolewi. Ukitaka kilichotoboka, kaoe kwingine."

Shee alicheka mpaka akakaa chini. Akavitundika vile vile, vizima. Kwa hiyo mchezo wa Garsen haukufanana na mchezo wa mahali pengine popote. Mpira ukiingia, ulibaki ndani. Mtu alilazimika kupanda kuutoa. Hapo ndipo Shee alipotunga sheria yake, nayo ilikuwa moja tu: aliyefungwa humbeba aliyefunga. Ukinifunga, nainama, unapanda mabegani mwangu, nakuinua, unautoa mpira. Kisha nakutua, tunaendelea.

Nairudia sheria hiyo, maana ndiyo tutakayoishia nayo. Aliyefungwa humbeba aliyefunga.

Mnaweza kuona ni mzaha wa watoto. Ninyi wa huko mtoni mnajua si mzaha. Kiangazi kinapokaza, ng'ombe wa Waorma hushuka kunywa maji, na njia yao hupita ubavuni mwa mashamba ya Wapokomo. Mgomba mmoja ukikanyagwa, fimbo huinuliwa. Maneno mabaya hufuata, na pengine damu. Basi vijana wa Kiorma waliopitisha ng'ombe walianza kusimama kutazama. Wa kwanza kuingia uwanjani alikuwa Kalla, mwana wa Wario, mrefu kama nguzo. Siku hiyo hiyo alifungwa, na siku hiyo hiyo akambeba kijana wa Kipokomo.

Wario alimfuata Shee shambani amefura. "Mwanangu nimemzaa achunge ng'ombe. Wewe wamfundisha kubeba wakulima?"

"Na wakulima wanambeba yeye," Shee akamjibu, jembe mkononi. "Njoo alasiri utazame mwenyewe nani kabebwa zaidi."

Wario akaja. Akatazama, ameegemea fimbo yake. Kesho yake akaja tena bila kualikwa, na safari hii alileta maziwa. Tangu hapo mgomba ulipokanyagwa, mwenye shamba alimtafuta kwanza kijana aliyewahi kumbeba mwanawe, wakayazungumza.

Nyumbani Shee alikuwa mtu wa namna gani? Kadii anasema mumewe alijua kila mtoto hulalia ubavu upi. Aliwanyoa vichwa yeye mwenyewe, akiwaimbia ili wasitikisike. Mwaka ule mto ulipofurika na kumeza vibanda, Komora alikuwa mdogo, ana homa. Shee alimbeba mabegani kutwa nzima, maji yakimfika kifuani, mpaka wakapata ardhi kavu upande wa kijiji cha Wema. Komora anakumbuka jambo moja tu la siku ile. Alikuwa ameshika masikio ya baba yake kwa nguvu, na baba akawa anamwambia, "Shika, shika, masikio ninayo mengine nyumbani."

Huyo ndiye Shee Tuneya.

Sasa twende Kipini. Mapema mwaka huu wa hamsini na saba, vijana wa Kipini walitoa mwaliko. Vijana wa Garsen wakashuka mto kwa mitumbwi, wakiimba, wakapita kijiji cha Ozi, wakafika mlangoni mwa bahari. Uwanja wa Kipini ulikuwa na pete za chuma zisizo na chochote chini yake. Mchezo ukaanza, na Komora akafunga. Mpira ukapita kwenye pete, ukaanguka chini. Komora akasimama. Wenzake wote wakasimama. Walikuwa wanangoja abebwe.

Vijana wa Kipini waliuokota mpira, wakakimbia nao, wakafunga. Garsen wakafunga tena, wakasimama tena. Mguu umeshazoea, wasikilizaji wapendwa, hauambiliki.

Mwanamke mmoja wa Kipini aliyekuwa kando ya uwanja akaita, "Enyi wana wa bara, mwangoja nini? Mwataka kubebwa kama bibi harusi?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Garsen walifungwa vibaya sana. Kurudi, mitumbwi ilipanda mto bila wimbo. Aliyeumia zaidi ni Komora. Alipotia mguu nyumbani alimwambia baba yake mbele ya wote, "Baba, vile vikapu tuvitoboe. Sheria yako inatuaibisha."

Lilikuwa neno zito, na Shee hakulikasirikia. Alimtazama Kadii, na Kadii akatazama pembeni. Kisha Shee akasema, "Basi tucheze. Wewe na mwenzako Ngumbao upande mmoja, mimi na Kalla upande mwingine. Ukinifunga, utakitoboa wewe mwenyewe kwa mkono wako. Kisu nitakuletea."

Hivyo ndivyo walivyocheza alasiri ile. Shee alikuwa mtu wa makamo, bado mwepesi. Alimzuia mwanawe, akamchokoza. "Kipini walikufundisha kusimama tu, au walikufundisha na kufunga?" Komora akamzunguka, akaruka, akafunga. Mpira ukatua ndani ya kikapu cha Kadii na kubaki humo, kama siku zote.

Shee akacheka. Akachomoa kisu kiunoni, akampa mwanawe. Akainama. Komora akapanda. Shee akamwinua.

Komora anasema alikiweka kisu ndani ya kikapu kwanza, apate mikono miwili ya kuutoa mpira. Akautoa, akauangusha. Alipokuwa anarudisha mkono kukichukua kisu, akahisi mabega ya baba yake yanatetemeka chini yake, mara moja tu, kama mtumbwi uliogusa mchanga. Akauliza, "Baba?" Baba hakujibu. Alipiga goti moja. Akapiga la pili. Akainamisha kichwa mpaka nyayo za Komora zikagusa ardhi, akazishika kwa mikono yake akahakikisha zimesimama. Ndipo akaanguka.

Alimtua mwanawe kwanza. Ndipo akaanguka. Nimelisoma jambo hili mara nyingi kwenye karatasi iliyo mbele yangu, na bado linanishinda.

Kalla na Ngumbao walimkimbilia. Walimwita, wakamwagia maji. Ilikuwa imekwisha. Shee Tuneya hakuamka tena.

Asubuhi iliyofuata Garsen ilijaa. Walikuja wakulima, walikuja wachungaji, walikuja na watu wa Ozi. Watu walizungumza kwa kunong'ona, kama walioamshwa ghafla wasijue walipo. Komora alikuwa amejibanza nyuma ya nyumba. Hakula, hakulia. Kadii alimkuta hapo.

"Mimi ndiye niliyemuua, Mama," akasema. "Nilisema sheria yake inatuaibisha. Kisha nikampanda kwa uzito wangu wote."

Kadii, mjane wa usiku mmoja, alikaa chini karibu naye. "Mzigo unaoua mtu huanguka naye, mwanangu. Wewe ulianguka?"

"La."

"Alikutua. Baba yako alikuwa anakufa, na bado alikutua. Angekuwa na lawama nawe angekutua?"

Wakati wa kuondoka ukafika, jeneza likainuliwa, na wanaume wakaanza kupokezana mabegani, kama ilivyo desturi. Komora alitembea nyuma kabisa. Watu walimwachia nafasi mara tatu, naye akatikisa kichwa. Mabega yake, alisema, hayastahili.

Ndipo Kalla alipotoka mbele, akarudi nyuma hadi aliko. Kiswahili cha Kalla ni kile alichookota uwanjani, lakini nawaapia, sijasikia kilichonyooka kuliko hicho.

"Komora. Sheria ya mwalimu unaijua?"

"Naijua."

"Sema."

"Aliyefungwa humbeba aliyefunga."

"Leo nani amefungwa?"

Komora akalitazama jeneza lililokuwa likienda mbele.

"Leo tumefungwa sote," Kalla akasema. "Mimi, wewe, baba yangu Wario yule pale, na Garsen yote. Aliyefungwa hubeba. Njoo ubebe."

Komora akaenda. Akatia bega. Upande wa pili wa jeneza alikuwa Wario, yule aliyekuwa hataki mwanawe abebe wakulima, na shuka lake lilikuwa limelowa machozi. Wakambeba Shee Tuneya mpaka makaburini, na hapo, wakamtua taratibu.

Wakati wa kurudi, vijana walipita uwanjani. Kikapu kilikuwa pale pale juu ya gogo la mkoma, kizima. Na ndani yake, Komora akakumbuka, mlikuwa na kisu cha baba yake. Alisimama chini akitazama juu. Hakuna aliyemhimiza.

Kalla akamwendea mbele, akainama. "Jana nilikuwa upande wa mwalimu," akasema. "Ulinifunga mimi pia, na mimi sijakubeba. Panda."

Komora anasema alitaka kukimbia. Kisha akapanda. Kalla akamwinua. Akatia mkono kikapuni, akakitoa kisu. Akakiangalia kile kitako alichokisuka mama yake, miaa yake imekuwa kahawia kwa miaka ya jua na mvua. Akakitia kisu kiunoni.

"Nitue," akasema.

Kalla akamtua. Kikapu hakikutobolewa.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba yetu sote hapa studioni, natoa mkono wa rambirambi kwa Mama Kadii na watoto wake wanne, kwa vijana wa Garsen, na kwa Mzee Wario na nyumba yake. Mwenyezi Mungu amrehemu Shee Tuneya, na awape ninyi subira. Vijana wa Kipini nao wameleta salamu zao. Wanaomba kuja Garsen kucheza, na wameuliza wajifunze nini kabla ya kuja. Komora amewajibu: wajifunze kuinama.

Nasi wengine, kabla ya kulala leo, kila mmoja amkumbuke aliyembeba. Kama yu hai, mwendee. Kama ametangulia, tazama chini, uone nyayo zako zimesimama wapi, na ni nani aliyezishika mpaka zikagusa ardhi.