Mama Mwenzako Anaaga Darasa la Wanaoanza

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Mwenzako anastaafu, baada ya miaka ishirini na tisa ya kufundisha Kiingereza cha wanaoanza katika chumba kilekile kilicho ubavuni mwa stoo. Nimeombwa mimi niandike wasifu wake kwa kuwa nafundisha hesabu chumba cha pili, na ukuta kati yetu ni wa mbao.

Jina hilo alipewa na wanafunzi wake, watu wazima watupu: mafundi, wauza duka, madereva, kina mama waliokosa shule utotoni. Siku ya kwanza kila mtu huja na sentensi aliyoikariri njiani, ya kutaja jina lake. Mama haitaki. Humuuliza: na huyu mwenzako ni nani? Basi huna budi umgeukie jirani, umsalimie, umuulize jina na kazi yake, kisha usimame umtambulishe yeye, naye akutambulishe wewe. Mkuu mmoja wa chuo aliuita utaratibu huo upotezaji wa muda. Mkuu alihamishwa, utaratibu ukabaki.

Wanafunzi wasipogawanyika wawili wawili, anayebaki peke yake huwa mwenzake mwalimu. Kuna fundi wa kuchomelea aliyebaki hivyo, akatokwa jasho, akadaka maneno ya jirani yake na kutangaza kwamba mwalimu ni rafiki yake wa chanda na pete, ana miaka ishirini na miwili na anacheza mpira. Darasa lilivunjika mbavu, na langu pia. Mama, ambaye hasamehe hata nukta iliyosahauliwa, hilo hakulisahihisha. Alimshukuru akaketi.

Wakishajua kujieleza, wanafunzi wake hupanda ghorofani kwa walimu wengine. Wengi wamefika mbali. Mmoja ndiye mhasibu wetu hapa. Mara mbili Mama aliombwa apande nao, akakataa, akisema wanaoanza ndio wapweke zaidi. Sawa, lakini jamani, kuzoeana na watu kisha wakuache kila muhula si mchezo. Mumewe alifariki mapema. Binti yao kaolewa mbali, na simu zake ni za kuhesabu. Saa ya chai Mama hunywa chumbani mwake, mlango wazi, na sisi hupita tukiongea mambo yetu.

Juzi alimwambia mfagizi wetu kwamba haogopi uzee wala maradhi. Anaogopa Jumatatu, kuamka asiwe na mtu wa kumwambia habari za asubuhi. Nilimwomba ruhusa ya kuliandika hilo. Alicheka, akasema andika tu, si siri.

Mama, ahsante sana. Umewapa watu ujasiri wa kusimama mbele ya wageni. Sherehe kama hizi kila mtu huapa kumtembelea mstaafu, kisha kimya kama maji mtungini! Kwa hiyo siwasemei wenzangu. Mimi Jumatatu asubuhi nitakuja. Wala usidhani nakuhurumia. Tangu mke wangu aniache duniani, sauti ya kwanza ninayoisikia kila siku ni yako, inapita kwenye zile mbao, na sijui nitafanyaje bila hiyo.

Tunakutakia mapumziko mema na afya tele. Mlango ukigongwa, ni mimi.