Surua ya Pilipili

Penye benchi la kahawa la mtaa wa Mikelenge kuna sheria moja: mtu akipatwa na shida, wenzake humsaidia kwa maneno mpaka birika likauke. Asubuhi hiyo shida ilikuwa ya Assani. Pilipili zake zilikuwa zimeota madoa ya duara, meupe katikati, na majani yalikuwa yanapukutika. Mbegu ile aliachiwa na Safi, marehemu mke wake, na nje ya familia ya Safi, Kindu nzima hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Assani alitamani kulia, ila aliona haya. Wenzake walikuwa wametoka shambani kwake kumpa pole, kama kila asubuhi, na suruali zao zilikuwa zimelowa umande.

— Ile ni surua, alisema Hamadi, aliyeitwa Docteur kwa kuwa aliwahi kulazwa hospitali siku nyingi. Nimepapasa kila jani. Homa iko.

— Jani inapata homa? aliuliza Assani.

— Yako imepata! Mu njia ya kurudi nimepapasa na ya kwangu. Nayo inaanza.

Onema, jina la benchini Chef de Gare, yaani mkuu wa stesheni, hajafanya kazi ya reli hata siku moja, lakini saa za treni ni zake. Akatikisa kichwa.

— Docteur, unapapasa mbiombio. Mimi napita mumea kwa mumea. Mwenda pole hajikwai! Sababu njo filimbi ya treni. Mumea ikishtuka, inaachilia majani.

— Treni haijapiga filimbi tangu mwezi jana, alisema Assani.

— Njo sababu! Mumea imechoka kungojea. Subira yavuta heri, inavuta na majani.

Docteur, alipoona anashindwa, akainama na kushusha sauti.

— Mu Zaire kila mwenye kuzaliwa ni mwanachama, si vile? Hata chenye kuota. Yale madoa ni ya chui, kama ya kofia ya Rais. Pilipili imeingia mu Chama.

Benchi zima likatazama barabarani, kushoto na kulia. Onema akatangaza kwa nguvu kwamba, kama ni hivyo, ni heshima kubwa.

— Heshima! Mbegu yangu inakufa!

Hapo akasimama mbele yao mwanamke mwenye kapu tupu, Zawadi, mchuuzi aliyeshuka jana kutoka Lubutu.

— Hodi, baba zangu. Nimetoka sasa hivi kwa mama Hadidja, mukwe wa Assani. Pilipili ya nyuma ya jiko yake ni nzima, hata doa moja hapana. Mbona ya kule haigonjwi?

Docteur akajimiminia kahawa nyingine. Mbegu ni ile ile, mvua ile ile. Assani akawaza: kule nani huingia? Mkwe ni mkwe. Yeye mwenyewe, kwa heshima, hasogelei jiko lile, seuze rafiki zake. Mama Hadidja hupalilia peke yake, jua likishakausha majani.

Akaitazama mikono ya wenzake, kisha yake.

— Ni sisi, alisema. Tunashika yenye kugonjwa ikiwa na umande, tunaenda kushika nzima.

— Lakini tulikuja na mapendo, bwana! alisema Onema, ameumia kweli.

— Najua. Jua ikipanda, mukuje tukate yenye madoa, tuichome. Kesho asubuhi, pole mutanipa hapa.

Mara akalikumbuka lile kapu tupu, akamgeukia Zawadi.

— Mama, ile ya mukwe, ulitaka kuinunua?

— Nilitaka. Alikatala kabisa. Alisema ile ni ya mutoto yake Safi, haiuzwi mpaka Assani apate kwanza mbegu.