Dada Zuwena na Vidole Vitano vya Maumivu

Tarehe 30 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na mitano ya uuguzi, Dada Zuwena Shomari anastaafu. Alianzia wodi ya wazazi, na miaka kumi na miwili ya mwisho ameongoza kitengo chetu cha kutuliza maumivu ya wagonjwa wa saratani.

Tulimtania kwamba salamu zake ni ndefu kuliko foleni ya dirisha la dawa. Humwulizia mgonjwa watoto, mvua, hata mifugo, ndipo avute kiti. Mimi niliona anapoteza muda, mpaka alipolazwa Mzee Ngollo, mrina asali wa Ipole, saratani ikiwa imeshaingia mifupani.

Morfini ilimtuliza wiki tano, kisha akaanza kuidai kabla ya saa yake. Kila asubuhi nilimwuliza ameamkaje, akajibu salama, nami nikaandika kwenye faili: hana maumivu. Jamani, nani huku kwetu huitikia salamu kwa kusema anaumwa? Nikaamini amekuwa teja, nikamshawishi daktari apunguze dozi.

Siku ya tatu ya dozi hiyo ndogo, Dada Zuwena akarudi kutoka likizo. Salamu zilipokwisha, akamwomba mzee aonyeshe kwa mkono: ngumi ni hakuna maumivu, vidole vitano ni yasiyovumilika. Mzee Ngollo akanyoosha vitano, kisha akanyoosha na vya mkono wa pili.

“Levina, huyu si teja,” Dada aliniambia. “Neva za uti wa mgongo zimeizoea dawa. Kiasi kile kile hakizuii tena maumivu yasipande kichwani.”

Akanikumbusha kuwa hata nyuki hawamvimbishi mrina wa siku nyingi kama wanavyomvimbisha mgeni. Daktari akapandisha dozi hatua kwa hatua, akaongeza na dawa nyingine. Kesho yake jioni mzee alionyesha kidole kimoja na kuomba uji. Aliishi majuma saba zaidi. Leo zahanati nyingi hadi Sikonge zinapima maumivu kwa vidole, na aliyezizungukia kuzifundisha ni Dada huyu huyu.

Dada Zuwena, asante. Mungu akujalie mapumziko yenye afya na utulivu nyumbani kwako Cheyo.

Mhoja, binti wa Mzee Ngollo, ni mgeni wetu ukumbini leo, na hajawahi kuelezwa habari za siku zile tatu. Dada aliniachia nimwambie mwenyewe, nami nimekaa nalo miaka minne. Mhoja, aliyemnyima baba yako dawa ni mimi.

Levina Silasi, muuguzi